Injini mbili kwenye gari moja la rekodi: mwongozo kwa mafundi wa Malindi

Injini ya Probox, ile 1NZ-FE ya cc 1,497, hupatikana Malindi bila kusumbuka, na ya pili yake vilevile. Ndiyo maana fundi mwenye hamu ya gari la rekodi, yaani la kuvunjia rekodi ya kasi, hulifikia haraka wazo la kuziweka mbili. Wazo si baya. Magari kadhaa yaliyoshika rekodi za dunia za kasi ya nchi kavu yalikuwa na injini mbili, tatu, hata nne. Lakini piga hesabu kabla ya kukata chuma, kwa sababu hewa hula nguvu kwa mchemraba wa kasi: ukitaka kasi mara mbili, unatakiwa nguvu mara nane. Ukigeuza hesabu hiyo, injini ya pili inakuongezea kasi kama asilimia 26 tu, ya tatu inakufikisha asilimia 44, ya nne 59. Na hayo ni iwapo uso wa gari unaokabili upepo haujaongezeka hata kidogo.

Chukua mfano huu. Injini moja ya 1NZ ikiwa nzima hutoa kilowati 80 kwa mizunguko 6,000. Mbili ni 160, na ukitoa kinachopotea kwenye gia na ekseli zinabaki kama 140. Ukiziweka mbili hizo ndani ya bodi ya Probox kama ilivyo, pale kwenye lami kavu gari litaishia karibu kilomita 230 kwa saa. Sasa weka injini MOJA kwenye bodi ya chini, yenye uso wa mita 1.4 za mraba na umbo lililochongwa vizuri (mgawo wa upinzani 0.22): unapata karibu 250. Bodi imeishinda injini. Ukiweka mbili kwenye bodi hiyo ya chini, karatasi inasema zaidi kidogo ya 320. Kwa hiyo fundi wa bati ndiye anayeanza kazi, fundi wa injini afuate.

Jambo moja la kanuni: madaraja mengi ya rekodi hupangwa kwa jumla ya ujazo wa injini zote. Mbili za 1NZ ni cc 2,994, chini tu ya lita 3, ambapo madaraja hukatwa. Ukizitoboa kupita kiasi unavuka mpaka na kukutana na magari makubwa zaidi.

Namna tatu za kuziunganisha

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na gari la injini nyingi huenda mrama pale zinapounganishwa. Historia imejaribu njia tatu.

Ya kwanza ni kuzipanga mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Goldenrod ya ndugu Summers ilipanga injini 4 za Chrysler Hemi kwenye mstari mmoja, gari likawa jembamba na refu kama mita 10, na tarehe 12 Novemba 1965 likakimbia kilomita 658.7 kwa saa pale Bonneville, Utah. Hii ndiyo njia bora kwa hewa na ngumu kuliko zote kwa fundi.

Ya pili ni kuziweka ubavu kwa ubavu zikusanye nguvu kwenye giaboksi moja. Thunderbolt ya George Eyston ilibeba injini mbili za ndege, Rolls-Royce R, hivyo mwaka 1938 ikafika 575.3. Ilikuwa na magurudumu 8 na uzito wa tani 7. Upana unaongezeka, na giaboksi inayobeba jumla ya injini mbili haipatikani dukani.

Ya tatu ni kila injini na ekseli yake. Railton ya John Cobb ilifanya hivyo kwa injini mbili za ndege, Napier Lion, moja ikisukuma magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, ikafika 634.4 mwaka 1947. Hata Citroën iliuza gari la namna hii kwa watu wa kawaida, 2CV Sahara, lenye injini ndogo mbele na nyingine nyuma. Barabara yenyewe ndiyo inayoziunganisha.

Kwa gereji ya kwetu, anza na ya tatu. Injini, giaboksi na ekseli fupi za Probox ni kifurushi kimoja, unakihamisha kizima. Ubaya wake ni upana, kwa kuwa injini imelala kiubavu. Ukubali.

Kukata na kufunga kifurushi cha nyuma

Tafuta Probox mbili za giaboksi ya mkono. Za otomatiki zinavutia kwa sababu hakuna pedali ya klachi, lakini kila kompyuta hubadilisha gia kwa wakati wake. Mbele ikibadilisha nusu sekunde kabla ya nyuma kwenye ardhi inayoteleza, gari hutikisika pale usipotaka.

Pima kompresheni kabla ya kulipa. Injini mpya hutoa karibu psi 213, kiwango cha chini kabisa ni 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Kwa gari hili ongeza sharti lako: wastani wa injini moja usitofautiane na wa nyingine kwa zaidi ya psi 10. Injini mbili za wastani zinazofanana ni bora kuliko moja nzuri sana na moja iliyochoka.

Kata krosi memba (boriti ya chini inayobeba injini) ya mbele ya gari la pili pamoja na mikono ya chini, na uipandishe nyuma ya gari la kwanza ikielekea vilevile ilivyokuwa, injini isigeuzwe. Hapo mzunguko wa magurudumu unabaki sahihi. Stiaringi ya nyuma inatolewa, na mahali pa tai rodi (fimbo ya kugeuza gurudumu) unafunga fimbo imara inayotoka kwenye krosi memba yenyewe hadi kwenye mkono wa gurudumu. Isitoke kwenye bodi: bodi hujipinda na gurudumu linageuka lenyewe. Fimbo iwe ya urefu ule ule wa tai rodi ya asili na ikae kwenye pembe ile ile, vinginevyo kila gari linapodunda magurudumu ya nyuma hubadilisha mwelekeo. Weka tou-ini (magurudumu kuelekeana kidogo kwa mbele) ya milimita 1 hadi 2. Bolti ziwe za daraja 10.9, nati za kujifunga, na upake mstari wa rangi kuvuka nati na chuma. Kiungo hiki kikivunjika kwa kasi kubwa hakuna stiaringi itakayokuokoa, basi kitengeneze upya, usikiokoteze.

Fremu ya kumlinda dereva ijengwe kwa bomba la chuma lisilo na mshono, milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0. Bomba la maji la mabati lina mshono, na ukilichomelea linatoa moshi wa zinki unaoumiza mapafu. Halifai.

Klachi, gia na mafuta ya mguu mmoja

Ukitaka pedali moja ya klachi isukume silinda mbili za chini, zile za kwenye giaboksi, masta silinda (ile ya kwenye pedali) lazima itoe mafuta mara mbili. Ya inchi 5/8 (milimita 15.9) inahudumia moja, kwa mbili unahitaji eneo mara mbili, yaani kipenyo cha kama milimita 22.4, na ya inchi 7/8 ndiyo inayokaribia. Pedali itakuwa nzito mara mbili. Ukiacha masta ndogo, klachi zote mbili zitaachia nusu, na gia zitalia.

Kabla ya kuunganisha nyaya za gia kwenye liva moja, hakikisha giaboksi zote mbili zina uwiano uleule. Probox za miaka tofauti huweza kutofautiana. Njia ya kuhakiki ni rahisi: toa plagi, weka gia ya tano, inua ekseli, tia alama kwenye puli ya krenki na kwenye tairi, zungusha kwa spana na uhesabu. Inua magurudumu yote mawili na uhakikishe yanazunguka sawa. Ukiinua moja tu, difu (gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) italizungusha mara mbili na hesabu itakuwa ya uongo.

Kwa injini zenye waya wa mafuta (wa eksileta), unganisha nyaya mbili kwenye kipande kimoja kinachovutwa na pedali, kila waya uwe na skrubu yake ya kurekebisha. Funga geji ya vakyumu kwenye menifoldi ya kila injini. Kwa mizunguko 3,000 bila mzigo geji mbili zisipishane zaidi ya kilopaskali 2. Kwa injini za pedali ya umeme, usichukue sensa moja ukaigawia kompyuta mbili. Kila kompyuta hupeleka volti 5 zake, zikigongana zinasoma makosa na injini inajifunga kwenye hali ya dharura. Funga sensa mbili kwenye shafti moja ya pedali, kila moja na kompyuta yake. Waya wa ardhi kati ya injini na injini uwe mnene, milimita 25 za mraba au zaidi.

Sasa suala la injini moja kufa njiani. Gari likiwa kwenye 200 na injini ya nyuma ikizima ikiwa ndani ya gia, magurudumu ya nyuma yanavutwa na ya mbele yanaendelea kuvuta. Kwenye chumvi au vumbi, mkia unataka kupita mbele. Kwa hiyo funga swichi ya presha ya oili ya kila injini kwenye rilei inayokata pampu ya petroli na koili za injini ZOTE mbili. Weka kitufe cha kushikilia wakati wa kuwasha tu, kwa kuwa presha inaanzia sifuri. Swichi kuu ya dereva nayo ikate zote.

Petroli haihitaji tangi kubwa. Kila injini kwa nguvu zote hunywa kama nusu lita kwa dakika, basi lita 10 zinatosha na kubaki.

Mbele ya dereva weka takomita (saa za mizunguko ya injini) mbili na uzizungushe kwenye dashibodi hadi mishale yote miwili isimame wima kwenye kasi unayolenga. Jicho huona mshale ulioinama kabla halijasoma namba. Kwa kuwa gia ni sawa, tofauti ya mizunguko 300 kwenye 6,000 ina maana ekseli moja inateleza kwa asilimia 5. Wakati wa kuongeza kasi uzito huhamia nyuma, kwa hiyo za mbele ndizo zinazoanza kuteleza. Legeza mguu taratibu. Ukiuachia ghafla, mshale unarudi na shafti inapigwa.

Ukitaka mfululizo baadaye

Baada ya gari la kwanza utatamani gari jembamba, na hapo injini zinapangwa mstari mmoja. Makosa makubwa ni matatu.

Usipitishe nguvu kwenye pua ya krenki. Bolti ya puli na ufunguo wake vimetengenezwa kuvuta oltaneta na pampu, si injini nyingine nzima. Zielekeze flaiwili mbili zitazamane na ukusanye nguvu katikati. Lakini injini mbili za aina moja zikitazamana zinazunguka kinyume. Usipoweka gia ya kati ya kugeuza, au usipohamisha krauni ya difu moja upande wa pili wa pinioni, ekseli moja itaenda mbele na nyingine nyuma. Kagua hili kwa mkono, plagi zikiwa nje, kabla ya kuwasha.

Zikifungwa pamoja moja kwa moja, krenki zipishane nyuzi 90. Injini ya silinda nne huwaka kila nyuzi 180. Zikipishana 90 unapata mlipuko kila nyuzi 90, kama V8. Zikiwaka pamoja, kila pigo ni mara mbili na meno ya splaini huanza kukatika, kwanza kwenye kona zake. Mstari wa krenki na krenki upimwe kwa dayal geji, kupishana kusizidi milimita 0.05 kama kiungo ni kigumu. Pima tena injini zikiwa moto.

La tatu ni urefu wa propela shafti. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 70 na unene wa 2, likiwa na urefu wa mita 1.5, huanza kujipinda na kupiga likifika kama mizunguko 5,150 kwa dakika. Injini yako inakwenda 6,000. Likikatwa kuwa mita 1, kikomo kinapanda juu ya 11,000. Kama urefu hauepukiki, igawe na uweke bearingi katikati. Yunivasali za ncha mbili zikae pembe sawa, nyuzi 1 hadi 3. Zikinyooka kabisa, sindano za ndani hazizunguki na zinachimba mashimo.

Kuwasha nako kuna mpangilio. Sunbeam ya Henry Segrave, iliyovuka kilomita 320 kwa saa kwenye ufuo wa Daytona, Marekani, tarehe 29 Machi 1927, iliwasha injini ya nyuma kwa hewa iliyobanwa, ikaiamsha ya mbele kupitia klachi ya msuguano, na mizunguko ilipolingana ndipo klachi ya meno ikazifunga pamoja. White Triplex ya mwaka 1928, yenye injini tatu za ndege, Liberty, za jumla ya lita 81, haikuwa na klachi wala giaboksi. Ilisukumwa ndipo ikawaka. Usiige hiyo. Lee Bible alikufa akiiendesha mwaka 1929.

Baridi, chumvi na tairi

Mbio zenyewe hazizidi dakika mbili, kwa hiyo ziba mdomo wa redieta uokoe hewa na ubebe tangi la maji. Injini mbili kwa nguvu zote hutupa kwenye maji kama megajuli 8.4 kwa dakika. Lita 60 zikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 90 hubeba 15. Ongeza kilo 20 za barafu, ile ya wauza samaki, na unapata karibu megajuli 14 zaidi: kuyeyuka, kisha kupanda joto. Ionje kwanza: ikiwa na chumvi, bloku la aluminiamu litaoza kutoka ndani. Kwa sababu hiyohiyo usijaze maji ya kisima cha pwani. Tumia ya mvua pamoja na kuulanti. Acha themostati mahali pake.

Hewa ya Malindi hutafuna soketi za umeme hata gari likilala. Jaza grisi ya umeme kila plagi ya sensa, hasa za krenki, na osha gari kwa maji matamu siku hiyohiyo ya majaribio.

Tairi ndizo zinazoua. Herufi ubavuni husema kikomo: T 190, H 210, V 240, W 270, Y 300. Tairi nyingi za Probox ni za mizigo, na herufi yake ni ya chini zaidi ya hizo. Tairi za mitumba usiziweke kabisa, hata kama kashata zake zimejaa. Soma tarakimu nne za mwisho, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ondoa pia risasi za balansi za kubandika. Kwenye 300, kipande cha gramu 10 kilicho kwenye rimu, sentimita 18 kutoka katikati, huvutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 14. Valvu ziwe za chuma na vifuniko vya chuma.

Mahali pa kujaribia

Wengi huelekeza macho kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Ile chumvi ni tabaka jembamba juu ya udongo, ndani ya vidimbwi vyenye kingo. Gari litatitia na mwenye kiwanda atakufukuza, kwa haki. Ufuo nao, hata maji yakiwa yamekupwa, una mchanga laini na watu. Ni kweli rekodi za zamani ziliwekwa ufuoni, Daytona na Pendine (Wales), na ufuoni huko Pendine ndiko dereva wa rekodi Parry-Thomas alikofia mwaka 1927. Barabara ya Malindi kwenda Garsen ni ya abiria na malori.

Kwa gari la tani moja, kufika 300 kunataka kama kilomita 3 na kusimama kunataka karibu moja nyingine, ukiachilia mbali sehemu inayopimwa. Malindi haina nafasi hiyo. Nchini, ardhi inayokaribia ni jangwa la Chalbi kule Marsabit, wakati wa kiangazi, kwa ruhusa. Nyumbani fanya majaribio ya chini ya 120 kwenye uwanja wa ndege wa binafsi ulioruhusiwa: endesha kwa injini moja nyingine ikiwa huru, kutoka 40 hadi 100 kwa gia ya nne, pima muda, kisha badilisha. Muda wa injini mbili ukipishana zaidi ya asilimia 3, rudi kwenye nyaya za mafuta na vakyumu kabla ya kulaumu injini.

Rekodi ya dunia hutaka mbio mbili, kwenda na kurudi, ndani ya saa moja, na wastani ndio unaoandikwa. Mickey Thompson alikimbia kilomita 654.4 kwa saa mwaka 1960 kwa Pontiac nne. Mbio za kurudi zikamvunjikia shafti, rekodi ikapotea. Saa hiyo moja itumie kwa mpangilio: dakika za kwanza kugusa kila yunivasali na boksi ya ekseli kwa mkono, iliyo moto kuliko mwenzake ina tatizo, kisha plagi moja kutoka kila injini, rangi zilingane, kisha tairi, zisiwe na uvimbe wala mikato, kisha mistari ya rangi kwenye bolti za fimbo za nyuma. Mstari uliokatika kwenye nati hata kwa milimita moja unamaanisha gari linapandishwa kwenye trela. Barafu na petroli hujazwa mwisho, na parashuti hukunjwa na mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine.